Kindi na Wacheza Bao

Bi Zamda alikiokota kitoto cha kindi kilichoanguka kutoka kiotani, akakilaza juu ya mtandio wake, chini ya mti wa mkungu. Kilikuwa hakijafumbua macho, na mwili ulishaanza kupoa. Mama kindi alishuka hadi nusu ya shina, akawaona wanaume wanne waliozunguka ubao wa bao hapo chini, akarudi mbio tawini.

"Mbaruku, hebu sogeeni. Mama yake hashuki nanyi mpo hapa."

"Kwani amekutuma?" Mbaruku hakuinua hata macho. "Mpe maziwa, Bi Zamda, umlee mwenyewe."

"Maziwa ya ng'ombe yatamuua."

"Basi paka naye apate riziki."

Wenzake wakaangua kicheko. Bi Zamda aliwatazama: watu wazima na ndevu zao, tangu asubuhi wanahamisha kete shimo hadi shimo, na kunyanyua makalio kwao ni kazi ya kubembelezwa. Hakuwabembeleza tena. Aliinama, akaunyakua ubao, kete zikamwagika mchangani, akajitwika na kuondoka.

"We mama, una wazimu?"

Wote wanne wakaruka, wakamfuata wakitukana njia nzima.

"Kumbe miguu mnayo," alisema, bila kuharakisha.

Kwenye kona aligeuka. Chini ya mkungu hapakuwa na mtu. Mama kindi alikuwa ameshapita nusu ya shina, kichwa chini, akiutazama mtandio. Mbaruku aliufikia ubao, akauvuta. Bi Zamda akaushikilia kwa mikono miwili.