Ukelele wa Mwisho wa Atara

Kuhani Hanani alikiinamisha kichwa cha Atara juani, akaikagua ngozi ya shingo yake bila haraka. Walikuwa nje ya lango la mji, mahali ambapo Atara alikuwa ameishi peke yake miaka sita kwa sababu ya ukoma.

"Umetakasika, mama," alisema kuhani, kisha akamwachia huru ndege wa utakaso aliyekuwa mkononi mwake.

Mara Zibia, mdogo wake Atara, akatoka langoni mbio. Atara alipomwona alijifunika mdomo kwa ushungi, akapiga ukelele kama sheria ilivyomfunza: "Najisi! Najisi! Kaa mbali!"

Kuhani akaangua kicheko. "Wewe mama, si nimemaliza kusema sasa hivi? Au nianze upya?"

"Mwache apige kelele, baba," alisema Zibia akihema. "Miaka sita nimemtii. Leo simtii."

Akamkumbatia dada yake kwa nguvu. Nguo ya Zibia ilinukia vitunguu na moshi wa jikoni.

"Asante, Mungu wangu," Atara alinong'ona. Mikono yake ikainuka nyuma ya mgongo wa Zibia, ikabaki hewani, karibu kabisa kumgusa.