Mahali pa Meza

“Dirishani,” alisema Zephania. “Iweke hapo dirishani, inatosha.”

Bethuel, rafiki yao aliyekuja kusaidia kubeba, alisimama mlangoni akihema, ameikumbatia meza kama mtu aliyebeba mgonjwa. Lifti ilikuwa mbovu tena, naye alikuwa ameipandisha ngazi peke yake.

“Kaka, meza ya katikati inakaa dirishani?” aliuliza. “Shemeji, huyu mumeo ana homa?”

Domina hakucheka. Alikuwa akiitazama meza. Ilikuwa ya mwaloni, ya mviringo, yenye mguu mmoja mnene ulioishia kwa kucha tatu za simba. Aliichagua mwenyewe katika duka la vitu vya kale mjini Stockholm, baada ya kuzunguka Jumamosi nyingi. Nyingine aliziinamia akatafuta vitundu vya bungua, akazitikisa, akaziacha. Hii haikutikisika. Juu yake palikuwa na alama hafifu za vikombe vya watu ambao bila shaka walishakufa. Mwenye duka alitaka kuzipiga msasa, Domina akakataa. Alitaka meza iliyokwisha kuzoea kukaa mahali pamoja.

Lakini katikati ya sebule palikuwa na sanduku la bati, la kijani, lililofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Hilo ndilo lililokuwa meza yao tangu walipofika Norsborg, kitongoji cha Stockholm, mwaka 1976. Wageni walinywea chai juu yake. Binti yao Noeline aliwahi kuuliza, kwa Kiswidi, kwa nini meza za kwa wenzake zina miguu na ya kwao ina kufuli.

“Hiyo si meza,” baba yake alimjibu kwa Kiswahili. “Hiyo ni safari.”

Zephania alikuja kujifunza ufundi wa mitambo. Mafunzo yakaisha, akabaki kidogo ili asirudi mikono mitupu. Kila Krismasi Domina alinunua kitu kwa ajili ya nyumba watakayoijenga Musoma: mashuka, taulo, mapazia. Zephania ndiye aliyevipanga sandukuni, maana wanawake, alisema, hawajui kufunga mzigo wa meli. Ufunguo aliuvaa shingoni. Mwaka hadi mwaka sanduku likazidi kuwa zito. Domina alipodeki alipitisha dekio pembeni tu, hakuthubutu kulisogeza.

“Mwakani,” Zephania alisema kila mwaka. Hakutaka kabati, hakutaka zulia. Msafiri hanunui zulia. Hakupenda vitu virundikane: chupa tupu alizipeleka chini mwenyewe, na kitabu kipya cha simu kilipoachwa mlangoni, cha zamani hakikulala tena karibu na simu.

Wenzao walirudi kweli. Pasaka iliyopita Domina alikwenda Alby, kitongoji cha jirani, kumsaidia rafiki yake Getrude kufunga mizigo. Katika begi moja akakuta mashuka yenye maua ya buluu, yangali katika nailoni yake.

“Hata mimi ninayo kama haya!” alisema kwa furaha. “Yako sandukuni.”

Getrude alimtazama, kisha akainama kuvuta zipu. “Mimi niliuziwa mkononi,” alisema. “Basi tutafanana, dada.”

Getrude alipoondoka, Domina aliacha kuuliza ni mwakani ya mwaka gani. Akaanza kwenda kutazama meza.

Sasa meza ilikuwa imefika. Zephania alimsogelea mkewe, akashusha sauti ili Bethuel asisikie.

“Mama Noeline, ukiweka meza pale, umetuzika huku.”

“Sijamzika mtu. Sanduku litakaa dirishani, lingoje. Mimi nimechoka kungoja nimesimama.”

“Lisiguswe.”

“Kwani lina mayai?” Bethuel alidakia. Alikuwa ameitua meza, anajikanda mgongo. “Niambieni mapema, kaka. Mimi nimekuja kubeba, sikuja kuatamia.”

“Vitu vya watu vitaharibika,” alisema Zephania.

“Mashuka hayavunjiki, Baba Noeline,” alisema Domina.

Alimwona mumewe anatokwa jasho, akamhurumia. Alidhani ameijua hofu yake: kwamba sanduku likisogea, na safari itakuwa imefutwa. Akamshika mkono mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

“Sikiliza. Hatuna kiwanja, hatuna nauli, mimi najua. Lakini hilo sanduku limejaa. Mtu mwenye sanduku lililojaa hajakwama, amechelewa tu. Mimi nikiamka asubuhi kwenda kufagia mashule ya watu, nalitazama kwanza hilo, ndiyo navaa viatu. Nitalitupaje? Nalisogeza tu.”

Zephania aliutoa mkono wake. Kisha akaenda kukaa kwenye kochi, akageuzia uso ukutani.

Domina aliondoa kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza yake mpya. Bethuel alishika kishikio kimoja, yeye akashika kingine.

“Taratibu, shemeji. Mnarudi na Musoma nzima humu?”

Walipoliinua, bati la chini, lililoliwa na kutu ya maji ya dekio, likaachia. Vyote vilivyokuwamo vikashuka sakafuni kwa kishindo kimoja.

Hapakuwa na shuka wala taulo. Palikuwa na vitabu vya simu vya Stockholm, vinene, vimepangwa vizuri mwaka juu ya mwaka, kama na mtu anayejua kufunga mzigo wa meli. Cha chini kabisa kilikuwa cha mwaka 1976.