Njia Saba za Kumpika Kanga

Kanga mmoja mwenye domo alijikuta chini ya mguu wa kulia wa Mbweha.

"Kaka, usinile hivi hivi tu," akasema. "Kanga hupikwa kwa njia saba, na ya saba itakushangaza!"

Mbweha hakujua kuacha jambo katikati. "Haya, taja."

Kanga akataja, naye akahesabu kwa vidole vya mguu wa kushoto: wa kuchoma, wa kuchemsha, wa kukaanga, wa kuoka, wa nazi. Vidole vikaisha. Ya sita ilipotajwa akainua mguu wa kulia ahesabie, na Kanga huyoo, mtini!

Tangu hapo Mbweha hushinda chini ya mti ule. Juzi upepo ulimwangusha Kanga miguuni pake. Mbweha akamwinua taratibu, akamrudisha tawini.

"Shikilia vizuri, dada, usije ukafa bure. Sasa, ya saba ni ipi?"