Santuri na Moto wa Pasta

Pasta wa kanisa la Rubondo, kambini kwa wakimbizi, alikuwa amekwisha kuwasha moto uani kwa Muhirwa.

"Lete hiyo rege yako. Miziki ya bangi haiingii mbinguni."

Muhirwa akaitoa santuri aliyoisaka Mbarara mwaka mzima. "Pasta, tafazali..."

Pasta akaichomoa kwenye jalada. Hakuigusa usoni. Aliishika kingoni kwa viganja viwili, akaipuliza vumbi, akaiinamisha juani, jicho moja amelifumba, akitafuta mikwaruzo.

Muhirwa akaacha kusihi. Mtu asiyewahi kuwa na santuri zake hashiki hivyo.

"Pasta, zako zilibakia fasi gani?"

Pasta akautazama moto, kisha akachungulia njiani.

"Kwetu Uvira, chini ya kitanda, siku tulikimbia vita," akanong'ona. "Ile mashine ya kuipigia, betri iko na chaji?"