Vidole vya Cherehani

Murhula alipomaliza solo yake, Sylvère alisonya kwa nguvu hadi Consolate, mwimbaji wao, akageuka kumtazama.

"Cherehani," Sylvère alisema. "Mutu anashona suruali, anasema anapiga gita."

Walikuwa kwa Fortunat, mtaa wa Nyakabiga, katika chumba cha nyuma. Bendi ilifanya mazoezi mchana, maana usiku ulikuwa na wenyewe, wenye bunduki. Fortunat ndiye aliyemiliki gitaa la umeme, amplifaya na ngoma, tena ndiye aliyekuwa na wazimu wa kutosha kuanzisha bendi ya metali, ule muziki wa Kizungu wa magitaa na mayowe, katika mji ambao tayari ulikuwa na makelele yake. Jumamosi wangepiga kwenye ukumbi wa vijana. Gitaa la solo lilikuwa moja, wapigaji wawili. Ambaye angeshindwa angerudi kwao akakae.

Kwa Sylvère, kukaa kwao Musaga ilikuwa sawa na kuzikwa mzima. Shule aliiacha vita ilipoanza, kazi hakuna, marafiki wametawanyika. Alichobakiwa nacho ni solo, na Jumamosi ile aliitaka kuliko kitu chochote. Halafu anatokea huyu, mkimbizi wa juzi kutoka Bukavu, kijana mwembamba anayeomba radhi hata akipita mlangoni, anataka kumnyang'anya nafasi kwa vidole vitupu. Jamani, kuna watu hawana haya.

"Muangalie anavyokwenda mbio," Sylvère akaendelea, akiwaambia wengine kana kwamba mwenyewe hayupo. "Utasema anakimbia vita."

"Nilikimbia kweli, mukubwa," Murhula alijibu.

Hakuna aliyecheka. Sylvère alimwona mpumbavu zaidi: mtu anatukanwa, hata kukasirika hajui. Asiyejua kukasirika atapigaje metali?

Yeye Sylvère alifundishwa na kaseti. Kaka yake Bonfils aliiacha siku alipopanda ndege, kaseti isiyo na jina wala picha. Ndani yake kuna Mzungu ananguruma kama anatokea kaburini, kisha linaingia gitaa linalolia taratibu, noti moja inavutwa mpaka inakaribia kukata roho, ndipo ije nyingine. Aliisikiliza kila alasiri kwenye redio ya baba yake, na sharti la mzee lilikuwa moja: betri mpya, mawe kama alivyoyaita, ni za habari. Tangu nchi jirani zifunge mipaka mawe yalikuwa adimu kama sukari, na mzee hakuwa tayari kukosa kujua nani kauawa wapi. Yakishachoka yalianikwa juani yapate uhai kidogo wa kuivuta kaseti, ndipo akapewa Sylvère. Hakulalamika. Alikaa peke yake uani, akalia pamoja na lile gitaa, akajifunza kila mlio wake. Metali ni kilio, alizoea kusema. Wenye mbio hawana cha kulilia.

"Zamu yako," Fortunat alisema.

Sylvère alipokea gitaa, akalegeza nyuzi zote.

"Mbona unazishusha chini hivyo, mukubwa?" Murhula aliuliza.

"Ndiyo sauti ya metali yenyewe. We ulijifunzia wapi, mu harusi?"

"Apana. Kwa mujomba, Bukavu. Alikuwa na santuri moja alipenda sana, ile nimepiga sasa hivi..."

Sylvère hakuwa na haja na habari za wajomba. Akapiga.

Na tuseme ukweli, alipiga. Noti ya kwanza tu aliivuta mpaka Consolate akaweka maikrofoni chini. Alimlilia Bonfils asiyeandika, akalilia shule, akawalilia majirani wa ng'ambo ya barabara ambao nyumba yao sasa ilikuwa kuta na majani. Kila noti ilikaa hewani hadi ikaumiza. Alipomaliza, Consolate alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na Fortunat, mtu asiyejua kusifu, alikohoa tu na kutazama dirishani.

"Jumamosi unapiga we," akasema hatimaye.

Murhula aliitikia kwa kichwa. Ingetosha hapo. Mwenye akili angesema asante, akanywa maji, akaenda zake. Lakini Sylvère hakushiba kwa kushinda. Alitaka yule kijana aelewe kwamba si lolote si chochote.

Alitoa kaseti mfukoni.

"Kaa chini, mutoto. Nikuonyeshe mutu anayepiga na roho. Mi nimefuata noti zake zote, moja moja." Kisha akawageukia wengine. "Mukisikia mbio humu ndani, hata kidogo, gita mumupe yeye. Mi nitarudi Musaga na miguu, hamutaniona tena."

"Usiape hivyo," Consolate alisema.

"Nimeapa. Fortunat, redio yako iko na mawe?"

"Mawe ya nini? Huku umeme iko."

Fortunat aliichomeka redio ukutani, akaingiza kaseti, akabonyeza. Sylvère alifumba macho, mikono kifuani, akisubiri kusikia yule kijana akiaibika.

Mzungu akaanza kuimba, kwa sauti nyembamba na kali ambayo Sylvère hakuwahi kuisikia. Akafumbua macho. Kisha gitaa likaingia, nalo lilikuwa solo ya Murhula, ileile, kwa mbio zilezile, hakuna noti iliyopungua.

Consolate aliinamisha uso. Murhula ndiye aliyeinuka, kwa adabu, akapunguza sauti.