Shitaka la Cansilde

Kila asubuhi Mbarushimana, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wake, hunywa glasi ya kwanza ya maziwa ya mgando kwa Xavérine bila kuzungumza na mtu. Akili yake huamka na glasi ya pili. Asubuhi hiyo bado alikuwa na povu jeupe kwenye masharubu pale Cansilde alipoingia katika baa ya maziwa, ufagio mkononi, kandambili mguu mmoja.

“Chef,” alisema. “Kaltumu… yale matusi yake…”

Akaangua kilio.

Mbarushimana aliweka glasi chini. Alikuwa amerudi Rwanda kutoka Bukoba akiwa kijana, akaja na Kiswahili kizuri na tabia mbaya ya kuwamalizia watu sentensi.

“Amekutukana tena leo.”

Cansilde alitikisa kichwa kwa nguvu.

“Usijilazimishe, mama. Nimeelewa yote.”

Kwa kweli alikuwa akimngoja mtu kama huyu. Majuzi alipelekwa kwenye semina ya afya ya akili katika hoteli moja ya ufukweni, akarudi na kofia na somo moja: vitu vidogo vya kila siku ndivyo vinavyotibu moyo. Salamu, matembezi mafupi, glasi ya maji, neno zuri. Kofia alikwisha kuivaa. Somo ndilo lilikuwa halijapata mgonjwa.

Na mgonjwa bora kuliko Cansilde hakuwepo. Mume wake alikufa wakati wa masika, na tangu hapo mtaa mzima ukifika kwenye geti lake unashusha sauti. Hata wanawake wanaouza sambaza, dagaa wa ziwani, kutoka Rubona waliacha kupiga kelele wakipita kwake. Mmoja tu hakushusha chochote. Kaltumu, jirani yake, alikuwa akingoja ufagio uanze kukwaruza, ndipo apande juu ya ndoo na kurusha tusi juu ya michongoma.

Kesi ilipelekwa kwenye jioni ya familia, kile kikao ambacho mudugudu wote hukaa kwenye nyasi kumaliza magomvi ya ndoa na ya majirani. Jua bado lilikuwa kali. Jack, mwenye nyumba aliyopanga Kaltumu, alikuja na kufuli jipya mfukoni.

“Mupangaji wa kutesa mujane, mi sina lazima naye,” alisema. “Cansilde aseme ndiyo tu. Leo leo anatoka.”

Kaltumu alikuwa ameketi peke yake, kilemba kimekaa sawa. Akitolewa pale, angebakiwa na chumba cha binti yake kule Goma, ambamo tayari watoto walikuwa wakilala kwa zamu.

Xavérine aliitwa kuwa shahidi. Alijifuta midomo kama mtu aliyekaribishwa mezani.

“Kwanza alimuambia: ‘We Cansilde, unafagia sawa mutu anapapasa paka.’”

Mtu akakohoa.

“Tena: ‘Chai yako iko na maji mingi, mutu anaweza kuvua sambaza ndani.’ Tena: ‘Ukiimbaka kanisani, Mungu anafunga dirisha.’”

Katekista aligeuka kulitazama ziwa, mabega yakimtetemeka.

“Na mama huyu alikuwa akijibu nini?” aliuliza Mbarushimana.

“Ah, Chef, iyo siwezi kusema. Kuko watoto hapa.”

Mbarushimana alimgeukia mshitakiwa na kumsogezea glasi ya maji, kama semina ilivyofundisha. Kaltumu aliisukuma kando.

“Nimefunga Ramadhani, Chef. Mulomo wangu uko safi.”

“Sikuulizi habari za chakula! Nataka neno zuri. Jirani anatakiwa aamshwe kwa neno zuri. Hebu msalimie hapa, tukusikie.”

Kaltumu alimgeukia Cansilde. Kisha akasema, kwa sauti laini ya nesi anayetafuta mshipa wa damu:

“Umeamuka muzuri, jirani yangu mupendwa?”

Cansilde alificha uso ndani ya kitenge, akalia upya.

“Mnaona?” Mbarushimana aliuambia umati. “Linaanza kufanya kazi.”

Jack alikwisha kutoa kufuli. “Bon. Mama, sema tu ndiyo, twende.”

Cansilde alisimama. Hakuwahi kusimama kusema mbele ya watu. Hata siku ya harusi yake shangazi ndiye aliyemsemea. Mbarushimana akavuta pumzi ili amsaidie, naye Cansilde akamnyooshea kidole.

“Chef, nyamaza kwanza. Ile asubuhi ulinikata maneno. Nilikuwa bado kumaliza.”

Akaugeukia umati.

“Tangu bwana yangu akufe, nyinyi wote munaniongelesha sawa na maiti. Huyu tu njo alikuwa ananiongelesha sawa na mutu muzima. Nilikuwa naamuka juu ya kumujibu. Usiku nalala nikitafuta tusi ya kesho, na usingizi inakuya.”

Alimgeukia Kaltumu, akajipangusa pua kwa kiganja.

“Mi sikukuya kumushitaki juu ananitukana, Chef. Nilikuya kumushitaki juu ameacha.”