Kiti Kilichoshonwa kwa Mkono

Lodi Amblecote, kabaila wa Kiingereza, alivua glavu zake, akapiga magoti mbele ya kiti cha gari, akakinusa.

Karakana nzima ilimtazama. Wanawake thelathini na wawili walikuwa wamejipanga ukutani, aproni safi, mikono mbele, kama watu wanaosubiri hukumu. Na kweli ilikuwa hukumu.

"Fahali," Lodi alitamka, macho ameyafumba.

"Fahali mtupu, Mheshimiwa," alidakia Bwana Pargeter, meneja. "Jike hatumtumii. Akizaa, ngozi ya tumbo hubaki na michirizi. Na fahali wetu hulishwa kwenye malisho yasiyo na seng'enge, wasije wakajikwaruza."

Mavis Tunstall alimsogelea mwenzake sikioni. "Bora ningezaliwa fahali, Enid. Mie nimezaa wanne, michirizi ninayo, wala hakuna aliyeniondolea seng'enge."

"Nyamaza, shoga. Utatuponza."

Enid Clegg hakuwa na moyo wa kucheka. Alikuwa ameshona viti vya magari ya Ravensholt tangu kabla ya vita, miaka ishirini na sita sasa. Nyumbani alikuwa amemwacha mumewe, Stanley, ambaye mgodi wa makaa ulimrudisha na mapafu yasiyotosha hata kupandia ngazi. Sindano ya Enid ndiyo iliyowalisha wote wawili.

Na sasa kampuni ilitaka kununua cherehani ya umeme. Kiti kilichomchukua Enid siku mbili, cherehani ilikimaliza kabla chai haijapoa. Tatizo lilikuwa majigambo. Kwa nusu karne Ravensholt ilikuwa imeutangazia ulimwengu kwamba ubao wa mti wa mjozi mbele ya dereva ni mzuri, na injini inanguruma kwa sauti ndogo kuliko paka aliyelala, lakini roho ya gari ni mshono, na muungwana wa kweli huutambua mkono wa binadamu hata akiwa amefumba macho. Magazeti yaliposikia habari za cherehani, yalianza kuuliza huyo muungwana yuko wapi.

Bwana Pargeter akawajibu kwa jaribio. Viti viwili visivyo na alama, kimoja cha Enid, kimoja cha cherehani waliyoazimwa na wauzaji. Hakimu awe Lodi Amblecote, aliyekwisha kununua Ravensholt saba. Akiutambua mkono, wanawake wote wanabaki. Akishindwa, cherehani inashika nafasi zao.

Enid alikuwa amekijua kiti chake mara tu shuka lililofunika viti vyote viwili lilipoondolewa. Aliinamisha uso ili macho yasimsaliti.

Lodi alipitisha kidole kwenye kiti cha kwanza, taratibu, kama daktari.

"Umenyooka kama rula," alisema. "Kila tundu liko sawa na jirani yake. Baridi tupu. Humu hamna mtu."

Waandishi wa habari waliandika.

Akahamia cha pili. Kidole kilipofika kwenye kona ya mgongo, kilisimama.

"Aa! Hapa uzi umelegea. Na hapa, mnaona? Umeyumba kidogo, kisha ukajirudi." Sauti yake ililainika. "Huyu alikuwa akimwaza mtu. Mwanawe, bila shaka. Yaya wangu alishona hivi hivi. Hiki, mabwana, ndicho cha mkono. Mashine haijui kupenda."

Mwandishi mmoja alivua kofia. Bwana Pargeter alizitazama kamera, akamtazama Lodi, akaikumbuka Ravensholt ya nane ambayo Lodi alikuwa ameahidi kuiagiza.

"Mheshimiwa hajapata kukosea," alisema.

Karakana ililipuka kwa vifijo. Mavis alimrukia Enid shingoni.

"Tumebaki! Umetuokoa, mwenzangu! Mbona umekauka kama sanamu?"

"Nimefurahi," alisema Enid, machozi yakimtoka.

Lodi alikuja mwenyewe kumpa mkono, akazishika zile sugu zake vidoleni kwa heshima kubwa.

"Mwanao anaitwa nani, mama?"

"Sikujaaliwa mtoto, Mheshimiwa."

"Basi ni mume," alisema Lodi, akaenda kunywa mvinyo pamoja na waandishi.

Walipokwisha kutoka, Bwana Pargeter alimvuta Enid kando, nyuma ya rafu za ngozi.

"Bi Clegg. Kile cha kwanza ni chako."

"Ni changu, bwana."

"Sijaona kiti kilichoshonwa vizuri kama kile tangu nizaliwe." Alishusha pumzi kama aliyefiwa. "Ile mashine haijui kukata kona, basi. Ikifika konani, inayumba. Tunaojua ni mimi na wewe."

"Sitasema neno, bwana. Ilimradi wenzangu wanabaki."

"Mnabaki wote. Nimetoa ahadi mbele ya kamera." Alipangusa paji la uso. "Lakini kesho kila mteja atasoma gazeti. Kila mmoja atapitisha kidole kwenye kiti chake kutafuta panapoyumba. Kwa hiyo cherehani nayo nimeinunua."

"Ya nini tena?"

Bwana Pargeter alikwenda kunywa mvinyo na wageni.

Jumatatu asubuhi cherehani ilikuwa imewekwa mbele ya karakana, mahali pa mwalimu, ikishona polepole na kuyumba kwenye kila kona, na wanawake thelathini na wawili wameielekea na sindano zao, wakiiga. Hadi saa ya chakula cha mchana wengi walikuwa wamefaulu. Ni Enid tu aliyerudishiwa kazi yake mara ya tatu akaifumue, kwa sababu ilikuwa bado imenyooka mno.